Bei ya Dubu: Je, Mwindaji Ana Haki ya Kutafuta Unafuu?

Kupatana bei si dhambi. Katika masoko yetu, tangu Bukavu hadi Kampala, mnunuzi anayelipa bei ya kwanza bila kusema neno huonekana mgeni au mwenye fedha zisizomuuma. Muuzaji hutaja bei, mnunuzi huipunguza, na mwishowe kila mmoja huondoka akijua alichokubali. Uhalali wa mapatano hayo umesimama juu ya jambo moja: wanaohusika wote wapo sokoni, na kila mmoja ana kinywa cha kukataa. Insha hii inahusu biashara ambayo mhusika wake mkuu hayupo sokoni wala hana kinywa. Huyo ni dubu mweusi wa Amerika Kaskazini. Je, mtu anayetaka kumwinda ana haki ya kutafuta mwandaaji wa bei nafuu kama anavyotafuta kitenge cha bei nafuu?

Swali hili si la kubuni kwangu. Mtoto wa baba yangu mkubwa anaishi katika jimbo la Maine, Marekani, ambako siku hizi wapo watu wengi waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda. Wenzake kazini walimwalika kwenda kuwinda dubu, naye akaandika katika kundi la familia kwamba ameona matangazo mengi na anataka kumchukua aliye rahisi kuliko wote. Wajomba walicheka. Shangazi mmoja aliuliza kama dubu analiwa. Mimi nilibaki na neno "rahisi", na nikaona kwamba ndani yake kuna swali la maadili linalostahili kujibiwa kwa utaratibu.

Kwanza tueleze biashara yenyewe. Dubu mweusi ndiye dubu mwenye idadi kubwa kuliko dubu wote duniani. Wapo mamia ya maelfu, kuanzia Alaska na Canada mpaka kaskazini ya Mexico. Serikali za majimbo huruhusu awindwe katika misimu maalumu, kwa leseni. Mtu asiyejua msitu, au mgeni ambaye sheria inamzuia kuwinda peke yake kama ilivyo British Columbia kwa watu wa nje ya Canada, hulazimika kumlipa mwandaaji. Mwandaaji hutoa kambi, mwongozaji na mahali pa kuwindia. Katika majimbo yanayoruhusu chambo, kama Maine na New Brunswick, mwongozaji hutangulia wiki kadhaa kabla ya wageni, akaweka vyakula vitamu au vyenye harufu kali katika sehemu alizozichagua, kisha mteja hukaa kwenye ulingo jioni akisubiri. Kwa wiki moja ya namna hiyo mteja huombwa dola elfu mbili, tatu au nne, na tofauti kati ya mwandaaji mmoja na mwingine inaweza kuwa mshahara wa mwezi wa mfanyakazi wa kawaida. Kwa hiyo anayetafuta unafuu hatafuti senti chache. Ana sababu ya kweli.

Wapo watakaosema swali langu limekosewa tangu mwanzo. Kwao, kumuua dubu kwa ajili ya starehe ni kosa, na kosa halipunguzwi wala haliongezwi na bei. Peter Singer, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, alijenga hoja yake juu ya uwezo wa mnyama kuhisi maumivu. Tom Regan, mwaka 1983, aliijenga juu ya haki ya mnyama ambaye maisha yake yana thamani kwake mwenyewe. Naziheshimu hoja zote mbili, na sitadai kuzibomoa katika kurasa chache. Lakini hata mwenye kuzikubali hawezi kulikwepa swali langu. Sisi tunaotoka katika nchi zilizoonja vita tunalijua jambo hili vizuri. Mtu anaweza kuamini kwamba vita fulani havikupaswa kupiganwa kabisa, na bado akadai kwamba mateka wasiteswe na vijiji visichomwe. Kusema "vita vyote ni haramu, kwa hiyo sijali vinapiganwaje" ni kuwaacha mateka bila mtetezi. Vivyo hivyo, maadamu uwindaji wa dubu ni halali kisheria na unaendelea kila mwaka, namna unavyofanywa ni swali linalosimama peke yake.

Kundi la pili litasema kinyume: bei ni jambo la mnunuzi na muuzaji, na maadili hayana nafasi hapo. Leseni ni ile ile, dubu ni yule yule, iwe umelipa elfu mbili au elfu tano. Hoja hii ina nguvu kwa sababu inaonekana ya kweli. Ili kuijibu inatupasa kuuliza swali ambalo mnunuzi hodari huuliza popote: huu unafuu umetoka wapi?

Unafuu mwingine ni safi. Mteja anaweza kujipikia badala ya kupikiwa. Anaweza kulala katika kibanda cha mbao pamoja na wageni wengine watatu, akaendesha gari lake mwenyewe badala ya kupokewa uwanja wa ndege, akachuna ngozi na kukata nyama kwa mikono yake, au akaenda wiki ambayo wengine hawaitaki. Hapo anayelipa tofauti ya bei ni mteja mwenyewe, kwa jasho lake na kwa kupoteza raha yake. Hakuna aliyedhulumiwa.

Lakini upo unafuu mwingine. Mwandaaji anaweza kumpa mwongozaji mmoja wateja wanane, kila mmoja kwenye ulingo wake, hivi kwamba jioni hakuna wa kukaa na mgeni asiyejua kitu. Anaweza kuweka chambo katika sehemu chache na kuwarudisha wateja wapya pale pale kila wiki. Anaweza kumlipa mwongozaji kidogo sana na kumwachia aishi kwa bakshishi, ambayo huwa nono pale mteja anapopata dubu na nyembamba pale anapomkosa. Na anaweza kuacha kuutafuta mnyama aliyejeruhiwa baada ya saa moja, kwa kuwa kesho kuna wageni wengine wa kuwapeleka msituni.

Ili tuone uzito wa mambo haya, tumtazame dubu mwenyewe. Dubu jike huzaa pangoni katikati ya baridi, mara nyingi wana wawili, kila mmoja akiwa na uzito usiofika nusu kilo. Huwalea kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuachana nao, hivyo kwa kawaida huzaa mara moja katika miaka miwili. Majimbo mengi yanakataza kumpiga jike aliye na watoto. Lakini jike na dume hawatofautiani kwa rangi, na watoto hupanda mti au hubaki nyuma vichakani mama anapoukaribia mlo. Anayemwona dubu peke yake kwenye chambo bado hajajua kama yuko peke yake. Njia ya kujua ni kusubiri: dakika kumi, ishirini, pengine mpaka giza liingie na nafasi ipotee. Ontario iliufunga msimu wake wa masika mwaka 1999 kwa sababu ya malalamiko kuhusu watoto wanaobaki yatima. Msimu huo ulirudishwa kwa majaribio mwaka 2014.

Jambo la pili ni jeraha. Manyoya ya dubu ni mazito na chini yake kuna mafuta mengi, hasa kuelekea majira ya baridi. Damu hunyonywa humo kabla ya kudondoka, kwa hiyo njia ya mnyama aliyejeruhiwa ni ngumu kufuata. Kumpata kunahitaji subira, taa, mara nyingine mbwa aliyefunzwa, na mtu aliye tayari kutambaa vichakani usiku au kurudi alfajiri.

Tukiyaweka pamoja mambo haya mawili, tunaona kwamba kitu kikuu ambacho mteja anakinunua kwa mwandaaji mwema ni muda. Muda wa kusubiri kabla ya kupiga, na muda wa kutafuta baada ya kupiga. Kitanda na chakula ni vya ziada. Na muda wa mtu mwenye ujuzi ndio kitu cha kwanza kukatwa pale bei inaposhushwa kupita kiasi. Kwa hiyo si kweli kwamba dubu ni yule yule. Kwa bei moja, yupo mtu kando yako anayekunong'oneza "subiri". Kwa bei nyingine uko peke yako na kidole chako. Tofauti ya dola hizo hailipwi na mteja wala na mwandaaji. Inalipwa na jike, na wanawe, na mnyama anayekufa siku ya tatu mahali asipoonekana. Inalipwa pia na mwongozaji, ambaye ujira wake umefungwa kwenye mzoga.

Historia ina kisa kinachofaa hapa. Novemba 1902, Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikwenda Mississippi kuwinda dubu. Kiongozi wa msafara alikuwa Holt Collier, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani na aliyesifika kwa ujuzi wa kuwinda dubu. Mbwa wake walimzingira dubu; Collier, akitakiwa amhifadhi mnyama kwa ajili ya rais, alimpiga kichwani kwa kitako cha bunduki na kumfunga kwenye mti. Roosevelt alipofika alikataa kumpiga risasi mnyama aliyefungwa. Mchoraji Clifford Berryman alikichora kisa hicho gazetini, na kutokana nacho wakapatikana wale dubu wa kuchezea wanaoitwa Teddy, ambao hata watoto wetu wanalala nao.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya heshima, na heshima ipo. Roosevelt alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Boone and Crockett Club mwaka 1887, chama kilichoeneza wazo la uwindaji wa haki, yaani mnyama awe na nafasi ya kweli ya kuponyoka. Lakini wasimulizi wengi huishia katikati. Dubu yule alikuwa ameumia, na Roosevelt aliamuru auawe kumwondolea mateso. Akauawa kwa kisu. Mikono ya rais ilibaki safi. Kazi chafu ilifanywa na wengine, na sifa ikamwendea aliyekataa. Nadhani hapa ndipo somo letu lilipo. Mteja hawezi kujisafisha kwa kusema kwamba makosa ya kambi ni ya kambi. Collier hakumfunga dubu kwa kupenda kwake. Alimfunga kwa sababu mteja mkubwa alitarajiwa kurudi na dubu. Matarajio ya anayelipa ndiyo yanayotengeneza matendo ya anayelipwa.

Roosevelt huyo huyo alikuja kwetu. Mwaka 1909 na mwanzoni mwa 1910 alipita Kenya ya leo, Uganda na eneo la Lado kando ya Nile, akiwinda pamoja na mwanawe Kermit na kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Mahali alipopiga vifaru weupe bado panaitwa Rhino Camp, katika West Nile ya Uganda. Leo panajulikana zaidi kwa makazi ya wakimbizi, na vifaru wale wa porini wametoweka. Sisemi kwamba mtu mmoja aliwamaliza. Ujangili na vita vya miaka iliyofuata vilifanya kazi kubwa zaidi. Nasema tu kwamba tunajua, kutoka upande wa wenyeji, jinsi safari ya mwindaji inavyoonekana baada ya mgeni kuondoka. Ujuzi huo unatupa haki ya kuuliza maswali kuhusu msitu wa Maine.

Sasa nije kwenye pingamizi ninaloliona zito kuliko yote, nalo ni la haki kwa watu wa kipato kidogo. Msomaji atasema: ukiweka kiwango cha chini cha bei, umefanya uwindaji kuwa mchezo wa matajiri. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Ulaya ya zamani, ambako wanyama wa msitu walikuwa wa mfalme na wakuu, na mkulima aliyemwua kulungu aliadhibiwa. Amerika Kaskazini ilijivunia kuuvunja utaratibu huo. Huko wanyamapori huhesabiwa kuwa dhamana ya umma, na mkazi wa kawaida hununua leseni kwa fedha kidogo. Tangu sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, kodi ya bunduki na risasi hupelekwa katika kuhifadhi wanyamapori, kwa hiyo mnunuzi wa kawaida naye huchangia. Kumwambia mfanyakazi wa kiwandani kwamba hana haki ya kutafuta unafuu si kumrudisha kwenye msitu wa mfalme?

Pingamizi hili ni la kweli, lakini tukilichunguza linatetea kitu kingine. Linatetea haki ya mtu wa kawaida kuwinda. Halitetei haki yake ya kununua mwindo wa haraka. Mkazi wa Maine asiye na fedha anaweza kutumia miaka miwili kujifunza: kutembea msituni, kusoma nyayo na kinyesi, kuambatana na wazee wa kazi hiyo, kufanya mazoezi ya shabaha. Hapo analipa kwa muda wake mwenyewe badala ya fedha, na muda, kama nilivyoonyesha, ndio unaodaiwa. Asichoweza kudai ni kupunguziwa fedha na kupunguziwa muda kwa pamoja. Anayekataa kulipa vyote viwili amemwachia mwingine deni, na umaskini wake haumpi ruhusa ya kufanya hivyo. Maskini asiye na nauli anaweza kutembea kwa miguu. Hawezi kupanda basi na kumwachia abiria aliyelala alipe.

Wengine watauliza kuhusu chambo: je, si hapo hasa ndipo uovu ulipo? Watu wa Colorado walipiga kura mwaka 1992 kukataza chambo, mbwa na uwindaji wa masika; Oregon ilikataza chambo na mbwa mwaka 1994, na Washington mwaka 1996. Maine iliulizwa mara mbili, mwaka 2004 na 2014, na mara zote mbili wapigakura walikataa kubadili. Mimi sioni kwamba chambo peke yake kinaamua. Ni kweli kwamba mnyama anayekula mkate mtamu uliowekwa na binadamu hana nafasi sawa ya kuponyoka. Lakini ni kweli pia kwamba dubu aliyetulia mita ishirini kutoka kwenye ulingo anaweza kutazamwa kwa makini, akatambuliwa kama ni jike, na akapigwa vizuri, kuliko yule anayeonekana mara moja katika msitu mnene. Chambo huleta muda. Mwandaaji mwema huutumia muda huo kutazama. Mwandaaji mbaya huuza muda huo huo kwa mteja wa pili.

Kwa hiyo mteja wa kipato cha kawaida anapaswa kufanya nini? Nadhani wajibu wake ni kuuliza, na kukubali majibu yampunguzie orodha yake. Mwongozaji mmoja anaongoza wateja wangapi? Analipwa mshahara, au anategemea bakshishi ya anayeua? Dubu akijeruhiwa nani anamfuata, na kwa muda gani? Je, jeraha linahesabiwa kuwa ndiyo nafasi ya mteja imekwisha, au anaruhusiwa kupiga mwingine? Nyama inakwenda wapi? British Columbia inamlazimisha mwindaji kuitoa msituni nyama ya dubu mweusi inayolika. Pengine sheria haisemi hivyo, lakini dhamiri inaweza kusema. Hapa shangazi yangu ajibiwe: dubu analiwa, ila apikwe mpaka aive kabisa, kwa sababu nyama yake inaweza kuwa na minyoo ya trikinela, na baadhi ya aina zake hazifi hata kwenye barafu.

Ningeongeza tahadhari moja inayoonekana kwenda kinyume na akili ya sokoni. Mteja mwenye fedha chache huvutiwa na ahadi ya uhakika, kwamba atapata dubu au arudishiwe fedha. Sokoni hiyo ni dalili ya muuzaji mwaminifu. Msituni ni dalili ya hatari, kwa kuwa mwandaaji aliyeahidi hivyo amejifunga kuhakikisha risasi inapigwa, hata pale ambapo jibu sahihi lilikuwa kusubiri. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwandaaji wa kuaminiwa ni yule anayekuambia kabla ya kupokea malipo ya awali kwamba huenda ukarudi mikono mitupu, na kwamba hatakulaumu kwa hilo.

Jibu langu, basi, si kwamba unafuu ni haramu. Mwindaji ana haki ya kuutafuta mahali popote ambapo yeye ndiye anayelipa tofauti: kwa kujipikia, kwa kulala pabaya, kwa kujifunza, kwa kungoja mwaka mwingine mpaka akiba itoshe. Haki hiyo inakoma pale tofauti inapohamishiwa kwa mtu asiyeweza kukataa, kama mwongozaji mwenye njaa, au kwa mnyama asiyejua kwamba kuna mapatano. Na kama baada ya kuuliza maswali yote hakubaki mwandaaji anayeweza kumlipa, basi mwindo huo haujawa wake bado. Abaki nyumbani msimu huu. Dubu ataingia pangoni, na mlango wa msimu ujao utafunguliwa tena.